Pier Giorgio Frassati: Mwanafunzi Aliyepanda Ngazi za Wagonjwa

Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV aliwatangaza watakatifu vijana wawili kwa siku moja katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Mmoja ni Carlo Acutis, ambaye habari zake zimeenea sana maparokiani kwa sababu ya kompyuta yake na upendo wake kwa Ekaristi. Wa pili, Pier Giorgio Frassati, wengi wetu tunamjua kwa picha tu: kijana mwenye mwili wa mazoezi, kiko mdomoni, yuko mlimani na rafiki zake. Napenda leo nimzungumzie huyu wa pili. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, tena si wa kushika namba ya kwanza darasani. Miaka yote ya chuo alikuwa na kazi nyingine ambayo hakulipwa na ambayo nyumbani kwao hawakuifahamu sawasawa: kuwatembelea wagonjwa maskini, na wengi wao walikuwa wa kutopona.

Alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, siku ya Jumamosi Kuu, tarehe 6 Aprili 1901. Baba yake, Alfredo Frassati, alikuwa mmiliki na mkurugenzi wa gazeti la La Stampa, moja ya magazeti makubwa ya nchi ile. Baadaye akawa seneta, na kuanzia mwaka 1920 hadi 1922 alikuwa balozi wa Italia mjini Berlin. Mama yake, Adelaide Ametis, alikuwa mchoraji. Walikuwa na mtoto mwingine mmoja, Luciana, aliyezaliwa mwaka 1902. Fedha ilikuwepo, watumishi walikuwepo, na nyumba ya pili ilikuwepo kijijini Pollone, karibu na Biella. Kilichokosekana ni amani. Wazazi wale hawakuelewana, na watoto walikua wakiusikia ukimya wa mezani. Baba hakuwa mtu wa imani. Mama alikwenda Misa kama desturi ya familia za heshima. Nasema haya ili tusimdhanie Pier Giorgio kuwa alizaliwa kwenye nyumba ya rozari kila jioni. Imani yake aliipata kwa njia nyingine, na kwa kiasi kikubwa aliitunza peke yake.

Dada yake alisimulia tukio moja la utotoni ambalo mimi naliona kama mbegu ya yote yaliyofuata. Pier Giorgio akiwa bado mdogo sana alikwenda na babu yake kuitembelea shule ya chekechea pale Pollone. Ilikuwa saa ya chakula. Watoto wote walikuwa wamekaa pamoja, isipokuwa mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa ngozi, ambaye walikuwa wamemtenga akala peke yake. Pier Giorgio alikwenda kuketi karibu naye, wakala supu katika bakuli moja, kijiko cha huyu, kijiko cha yule. Watu wazima waliokuwepo walishtuka, na nadhani hata muuguzi wa leo angeshtuka. Lakini mtoto aliyetengwa alikuwa amepata mwenzake wa kula naye. Kuna tukio jingine la mama aliyebisha hodi mlangoni kwao akiwa amembeba mtoto asiye na viatu. Pier Giorgio alivua vyake na soksi, akampa, kisha akafunga mlango haraka kabla mtu wa nyumbani hajatokea kupinga.

Shuleni hakung'ara. Kilatini kilimwangusha, si mara moja, hata akahamishiwa shule ya Wajesuiti pale pale Torino. Kuanguka huko kulimletea faida ambayo hakuitegemea. Mapadre wale walimsaidia aanze kupokea Komunyo kila siku, jambo ambalo Papa Pius X alikuwa amelihimiza tangu mwaka 1905 lakini lililokuwa bado geni kwa familia nyingi. Mama yake alisita, akihofu mtoto asije akawa mtu wa kukariri sala tu. Pier Giorgio aliomba, akaomba tena, akakubaliwa. Tangu hapo hadi kifo chake, Ekaristi ya asubuhi ndiyo ilikuwa mwanzo wa siku. Alipoulizwa baadaye kwa nini anakwenda kwa maskini, aliwaeleza rafiki zake kwa hesabu nyepesi kabisa: Yesu humtembelea yeye kila asubuhi katika Komunyo, naye anamrudishia ziara hiyo kwa kwenda kwa maskini.

Mwaka 1918 alijiandikisha katika Chuo cha Ufundi cha Torino asomee uhandisi wa migodi. Sababu yake haikuwa kupenda mawe. Aliona kuwa wachimbaji ndio wafanyakazi waliosahauliwa kuliko wote, akataka awe nao chini huko, kama mhandisi na kama Mkristo. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Chama hicho, ambacho kipo pia katika parokia zetu nyingi, kilianzishwa mwaka 1833 mjini Paris na wanafunzi wa chuo kikuu, akiwemo Frederic Ozanam aliyekuwa na miaka 20. Kwa hiyo tangu mwanzo kilikuwa kazi ya wanafunzi. Desturi yake kuu ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata: wanachama huenda wawili wawili nyumbani kwa maskini, kwa ratiba, na hurudi tena juma linalofuata.

Hapo ndipo ngazi zinapoingia. Torino baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa mji wa viwanda, na watu kutoka vijijini waliujaza wakitafuta kazi. Maskini walipanga vyumba vya juu kabisa, chini ya paa, kwa kuwa ndivyo vyenye kodi ndogo. Wakati wa kiangazi vilikuwa kama tanuri, wakati wa baridi maji yaliganda ndani. Mwenye kifua kikuu alilala humo humo pamoja na watoto wake. Na mtu aliyekuja na kuni, viazi au dawa ilimpasa apande ghorofa zote hizo kwa miguu. Pier Giorgio, ambaye Jumapili nyingi alikuwa akipanda milima ya Alpi kwa kamba, siku nyingine za juma alipanda ngazi hizo amebeba vifurushi. Waliomjua wanasema hakuwa na tofauti ya uso katika safari hizi mbili.

Tukumbuke ugonjwa ulikuwa na maana gani wakati ule. Dawa ya kwanza iliyoweza kukiua kijidudu cha kifua kikuu, streptomycin, iligunduliwa mwaka 1943, miaka 18 baada ya Frassati kufa. Kwa hiyo alipomtafutia kitanda mgonjwa mmoja wa kifua kikuu, jambo tunalolijua kwa hakika, hakuwa akimsaidia apone. Alikuwa anamsaidia alale vizuri. Alipowatunza watoto watatu wa mama mjane aliyekuwa mgonjwa, hakuweza kumwondolea mama yule ugonjwa wala huzuni. Aliweza tu kuhakikisha kuwa watoto wanakula na kwamba kuna mtu atakayekuja tena wiki ijayo. Siku hizi tuna jina la huduma ya namna hii. Tunaiita tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na kumsindikiza, yeye pamoja na familia yake, katika ugonjwa mzito, hata pale usipoweza kutibika. Ina madaktari wake, wauguzi wake, dawa zake za maumivu, na ina wanaojitolea. Frassati hakulijua neno hilo. Kazi yenyewe, kwa upande ule ambao mtu asiye daktari anaweza kuufanya, aliijua vizuri.

Na aliifanya kwa utaratibu. Hili hupenda kusahauliwa na wanaomsimulia, kwa sababu kutoa koti kwa maskini kunavutia kusimuliwa kuliko kutunza daftari. Koti alitoa, ni kweli. Nauli ya tramu pia alitoa, kisha akakimbia mji mzima kwa miguu ili asichelewe chakula cha mchana, maana baba yake alikuwa mkali sana juu ya saa za mezani. Kwenye treni alipanda daraja la tatu, na alipoulizwa mtoto wa balozi anafanya nini huko, akajibu kwa utani kwamba anapanda la tatu kwa kuwa la nne halipo. Lakini alikuwa pia na daftari dogo la mahesabu: nani anadaiwa kodi, nani anahitaji dawa gani, nani amepewa kiasi gani. Kwa maoni yangu daftari lile ni ushahidi mzito kuliko koti. Huruma ya ghafla huja kwa kila mtu. Kuandika jina la mgonjwa, kukumbuka sindano zake, kurudi Ijumaa inayofuata wakati mtihani uko Jumatatu, hayo si ya kila mtu.

Mtihani kweli ulikuwepo. Somo la uhandisi lilimwelemea. Alisoma usiku, alikataa safari nyingine za milima aliyoipenda, na bado alikwenda polepole kuliko wenzake. Nyumbani walimwona ni mzito wa akili na asiye na mipango. Hawakujua saa zake nyingine zinakwenda wapi. Miaka saba baada ya kujiandikisha alikuwa bado na mitihani michache kabla ya kupata shahada, na hakuipata. Wapo watakaosema angeacha kwanza wagonjwa, amalize chuo, kisha awasaidie akiwa mhandisi mwenye mshahara. Ni hoja ya maana, nasi waseminari tunaijua: acha nimalize falsafa, nimalize teolojia, nipewe daraja, ndipo nitakwenda wodini. Sidhani Frassati aliidharau shule, kwa maana aliteseka nayo hadi mwisho bila kuiacha. Ila aliona kwamba mwenye kifua kikuu wa ghorofa ya tano hana miaka saba ya kumsubiri.

Alikwenda pia Cottolengo, ile Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu iliyoanzishwa Torino mwaka 1832 na Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo kwa ajili ya wagonjwa waliokataliwa kwingineko. Alipenda kuwachukua rafiki zake katika ziara hizi, hasa wale ambao hawakuwahi kuingia nyumba ya maskini. Wengine walirudi nyuma mlangoni kwa sababu ya harufu. Mmoja alimwuliza anawezaje kuvumilia. Jibu lake, kwa maneno yangu, lilikuwa kwamba nyumba iwe chafu namna gani, anayeendewa humo ni Kristo. Na kwamba kuwazunguka wagonjwa na maskini yeye huona mwanga ambao sisi wenye afya hatunao. Sikuelewa jibu hili nilipolisoma mara ya kwanza, na bado silielewi lote. Linanisumbua kwa sababu hakulisema mtu wa njozi. Lilisemwa na kijana aliyecheka kwa sauti kubwa, aliyeimba bila kufuata noti, na ambaye mwaka 1924 alianzisha na rafiki zake kikundi cha utani na sala walichokiita, kwa Kiswahili chetu, Watu wa Mashaka, yeye mwenyewe akijipa jina la Robespierre.

Katika darasa la falsafa tunalo swali maarufu: ikiwa Mungu ni mwema na mwenye nguvu zote, mbona mtoto asiye na kosa anateseka? Tunalipitia kwa Augustino, tunalipitia kwa Leibniz, tunaandika insha. Frassati hakutuachia kitabu juu ya swali hilo. Na jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba aliwahi kuwa karibu sana na mtu ambaye angeweza kumsaidia kukiandika. Mwaka 1921 alikaa kwa muda Freiburg, Ujerumani, nyumbani kwa familia ya Rahner. Mmoja wa watoto wa nyumba ile, Karl, ndiye yule Karl Rahner ambaye vitabu vyake vinatutoa jasho. Mwanateolojia huyo alimkumbuka hata uzeeni, akaandika juu yake. Kilichomgusa kilikuwa furaha yake, nguvu zake, na jinsi alivyowajali maskini.

Huko Ujerumani alifahamiana pia na padre Karl Sonnenschein, aliyekuwa akiwakusanya wanafunzi na wafanyakazi wa Berlin. Pier Giorgio aliwaza upadre kwa kipindi, kisha akaona kwamba kama mlei atafika mahali ambapo padre hafiki kwa urahisi. Tarehe 28 Mei 1922 akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko. Siasa niipitie haraka: alikuwa mwanachama wa chama cha kidemokrasia cha Wakatoliki, aliwapinga Wafashisti hadharani, na mwaka 1924 walipovamia nyumba yao aliwakabili mwenyewe hadi wakakimbia.

Mwaka 1925 ulikuwa mgumu. Dada yake aliolewa mwezi Januari akaondoka, na Pier Giorgio akabaki katikati ya wazazi wawili waliokaribia kutengana. Alikuwa amempenda msichana mmoja, akanyamaza, kwa kuwa alijua nyumbani hawangemkubali na hakutaka kuongeza moto. Kisha akapelekewa habari, kwa kinywa cha mtu wa ofisini kwa baba yake, kwamba baba anamtaka afanye kazi gazetini. Alikubali. Migodi na wachimbaji wake vikaishia hapo. Ninapofika sehemu hii ya maisha yake huwa nakasirika kidogo kwa niaba yake, ingawa yeye hakukasirika.

Mwishoni mwa Juni bibi yake mzaa mama alikuwa anakufa, katika nyumba ile ile ya Torino. Jumanne tarehe 30 Juni Pier Giorgio alianza kuumwa kichwa na mwili. Jumatano bibi akafariki. Nyumba nzima ilikuwa na msiba, wageni, maandalizi ya mazishi. Kijana wa miaka 24 mwenye nguvu za kupanda Alpi akisema hajisikii vizuri, nani atamsikiliza? Walidhani ni mafua. Mama yake, aliyechoka na kulia, alilalamika kwamba anaumwa wakati ule ule anapohitajika. Naye hakusema zaidi. Usiku alijaribu kwenda kusali penye mwili wa bibi, akaanguka ukumbini, akainuka, akaanguka tena. Hakuita mtu. Ilikuwa polio kali, iliyokuwa inapanda kutoka miguuni kuelekea kwenye pumzi. Wakati ule watu waliuita ugonjwa huo kupooza kwa watoto, maana watoto ndio ulioshika zaidi. Chanjo ya kwanza ilikuja mwaka 1955.

Madaktari waliona kuwa aliupata katika nyumba za wagonjwa aliowatembelea. Waandishi wengine hulifanya jambo hilo kuwa kama taji, na naelewa kwa nini. Mimi naomba tuwe waangalifu. Anayetembelea leo wodi ya watoto wenye saratani anamwendea mtoto ambaye dawa zimempunguzia kinga. Mafua madogo ya mgeni yanaweza kumletea mtoto hatari kubwa. Kunawa mikono, kumsikiliza muuguzi, kubaki nyumbani siku unapoumwa, hayo pia ni sehemu ya upendo, wala Frassati asitumiwe kuyapuuza. Alikuwa na ujuzi wa wakati wake, sisi tuna wa wakati wetu.

Jambo jingine ambalo sitalisifu ni ule usiri wake. Kristo alitufundisha kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na yeye aliishika kauli hiyo kwa utii wa kutisha. Lakini aliyekuwa akihangaika mgonjwa wa watu asikae peke yake, yeye mwenyewe alikaa peke yake siku tatu nzima, nyumbani kwao, katikati ya watu waliompenda. Hata kama angesema mapema, hakukuwa na dawa ya kumwokoa. Angekuwa na mtu kitandani pake tu. Nimekwisha kusema kwamba kwa wagonjwa wengi wa Torino hicho ndicho alichowapelekea.

Ijumaa tarehe 3 Julai, siku ya kumzika bibi, hakuweza kusimama, na hapo ndipo daktari alipogundua ni nini. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kwenda kwa maskini. Alimwomba Luciana, aliyekuwa amekuja kwa msiba, amletee vitu fulani: sindano alizokuwa amenunua kwa ajili ya mgonjwa mmoja, na hati ya rehani ya mtu mwingine iliyokuwa karibu kwisha muda. Akaomba karatasi. Mkono ulikuwa tayari umeanza kupooza, na mwandiko wake wa siku ile, ambao umehifadhiwa, unapanda na kushuka kama wa mtoto anayeanza shule. Aliandika kwa mwenzake wa chama: sindano zipelekwe kwa fulani, hati ya rehani ni ya fulani, alikuwa ameisahau, naomba iongezwe muda kwa gharama yake. Basi. Karatasi ya mwisho ya mtu anayekufa ina habari za sindano na rehani.

Nimejaribu kuwaza kwa nini kikaratasi hicho kinanigusa kuliko mambo mengine yote niliyosoma juu yake. Nadhani ni kwa sababu kinaonyesha kwamba hakuwa na njia mbili za kuwaza, moja ya Mungu na moja ya watu. Usiku wa kuamkia Jumamosi alipokea sakramenti za mwisho. Kutoka Paris, kwenye taasisi ya Pasteur, walikuwa wameagiza dawa ya sindano kwa haraka, lakini mwili ulikuwa umekwisha kushindwa. Alifariki Jumamosi tarehe 4 Julai 1925, yapata saa moja jioni.

Maziko yalikuwa Jumatatu tarehe 6. Familia ilitegemea watu wa aina yao: wanasiasa, watu wa magazeti, wenye viwanda, na vijana wa chuo. Hao walikuja. Lakini barabarani, kuanzia nyumbani hadi kanisani, walisimama watu ambao nyumba ile haikuwahi kuwaona. Walikuwa wengi mno: vilema, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni na mikononi, watu wa vyumba vya chini ya paa. Walitaka kugusa jeneza. Siku hiyo pande mbili zilishangaa kwa pamoja. Wazazi waligundua mtoto wao alikuwa wapi saa zile zote alizochelewa chakula. Na wale maskini, ambao wengi walimjua kwa jina la Pier Giorgio tu, waligundua kwamba kijana aliyewaletea kuni mgongoni alikuwa mtoto wa seneta Frassati.

Alizikwa Pollone. Baadaye mwili wake ulihamishiwa kanisa kuu la Torino, na tarehe 20 Mei 1990 Mtakatifu Yohane Paulo II akamtangaza Mwenyeheri. Muujiza uliokubaliwa kwa ajili ya kumtangaza Mtakatifu ulimpata mseminari, na hili lazima niwaambie wenzangu: frateri wa Los Angeles aliumia kano ya kisigino mwaka 2017 akicheza mpira wa kikapu, akasali novena kwa Pier Giorgio, na madaktari hawakuukuta tena ule mchaniko. Sasa ni padre.

Na Luciana? Yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa baada ya mazishi. Kaka yake, akiwa kitandani, alikuwa amemwachia maagizo juu ya familia zilizomtegemea. Katika miaka iliyofuata aliwatafuta waliomfahamu, rafiki na maskini, akawauliza, akaandika waliyomweleza, mmoja baada ya mwingine. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya ngazi zile imetoka kwake. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 105.